Jinsi ya kupanga hela za mradi wa taka mtaani ili usife siku bei ya chupa ikianguka

Dar kila mwaka vinazaliwa vikundi vya taka, vijana kumi na fulana za kijani, mzani wa kuning'iniza, guta moja, mwenyekiti wa mtaa kapiga nao picha, na andiko la mradi zuri tu, ila ukifungua ukurasa wa mapato unakuta mstari mmoja umeandikwa "mauzo ya chupa za plastiki" na huo mstari ndo umebeba kila kitu, posho, dizeli, kodi ya stoo, mpaka chai. Bei ikishuka kikundi kinakufa, alafu watu wanasema vijana wavivu. Sio uvivu, ni hesabu ilipangwa vibaya tokea siku ya kwanza.

Hapa naandika namna ya kuipanga hiyo hesabu. Namlenga mtu wa kikundi au mjumbe wa serikali ya mtaa, hata mtendaji wa kata anayetaka mradi uishi zaidi ya sherehe ya uzinduzi. Mifano mingi ni ya Dar maana ndo napopajua, lakini hata wa Mwanza, Mombasa au Kisumu mtaona ni yale yale, tofauti ni umbali wa dampo tu.

Kwanza kabisa, wewe unauza vitu viwili

Hii ndo inayowachanganya wengi. Kikundi cha taka kinauza HUDUMA (kumtolea mtu uchafu mlangoni kwake) na kinauza MALI (chupa, maboksi, vyuma, makopo ya bati na alumini). Huduma mnunuzi wake yuko mtaani, bei yake inapangwa na sheria ndogo za halmashauri na haibadiliki mpaka madiwani wakae. Mali mnunuzi wake ni dalali wa Vingunguti au kiwanda, na bei yake inapangwa na watu ambao hata hawajui mtaa wako upo, wako Asia huko au kwenye soko la mafuta.

Kwa hiyo fungua daftari mbili. Sio kurasa mbili za daftari moja, daftari mbili, na ukiweza hata namba mbili za simu za kupokelea hela. Moja ni ya ada ya taka na matumizi ya kuzoa: gari, dizeli, vijana, glovu, viroba. Nyingine ni ya mali: kilo ulizouza, bei ya siku hiyo, umemuuzia nani, umetumia nini kuchambua na kubana. Ukizichanganya, mwezi ambao chupa ziko juu utajiona tajiri, hutakumbuka kwamba nusu ya kaya hazijalipa ada miezi mitatu, ila mwezi chupa zikishuka madeni yote yanajitokeza siku moja.

Hela inatoka wapi

Ada ya taka ndo mama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na halmashauri zikatunga sheria ndogo za ada, kaya kiasi hiki, duka kiasi hiki, baa na gesti kiasi hiki. Kama umepewa eneo na manispaa soma mkataba wako uone ada inakusanywa na nani, maana kuna sehemu kikundi kinakusanya chenyewe, sehemu zingine inaingia serikalini kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) kwanza alafu wewe unasubiri mgao wako. Kusubiri mgao ni gharama na yenyewe! Dizeli haisubiri. Kama unalipwa baada ya siku 60 inabidi uwe na mtaji wa kuendesha kazi siku 60, hilo wengi hawaliweki kwenye andiko.

Alafu kuna mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya, sasa nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akwambie fomu zikoje kwa sasa. Ushauri wangu kwenye huu mkopo ni mmoja, nunua kitu kinachopunguza gharama au kinachopandisha bei ya mali yako (mashine ya kubana marobota, toyo, mizani ya uhakika), usilipie mishahara. Mkopo ulioliwa kama mshahara unarudishwa kwa hela ya chupa, na hela ya chupa ndo hiyo tunayosema haina adabu.

Wafadhili na makampuni ya vinywaji wapo pia. Wanatoa mapipa, reflekta, buti, mafunzo, mara chache mashine. Chukua kwa mikono miwili, shukuru, alafu hesabu bajeti yako kama vile hawapo, maana mradi wa mfadhili una tarehe ya kuisha na taka hazina.

Manispaa kukulipa moja kwa moja kutoka mapato yake ya ndani, hiyo ipo zaidi kwa wakandarasi wa kufagia barabara na masoko na tenda zake siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo kama kikundi hakijasajiliwa wala hakina TIN (namba ya mlipa kodi) mlango huo umefungwa. Sajilini.

Kwanini bei ya chupa inaruka ruka

Hapa nitakaa kidogo maana ukielewa hapa hutamshangaa tena dalali.

Chupa ya maji inatengenezwa kwa plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Kiwanda kina uchaguzi, kinunue plastiki mpya au kinunue chenga zilizosagwa kutoka chupa zako. Mafuta yakiwa ghali plastiki mpya inakuwa ghali, chenga zako zinapendwa. Mafuta yakianguka plastiki mpya inakuwa rahisi, na mwenye kiwanda anajiuliza kwanini nihangaike na chenga zenye mchanga. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100, mwanzoni mwa 2016 likawa chini ya 30. Corona ndo ilikuwa kali kabisa, Aprili 20, 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi Mei ulifunga siku kwa hasi dola 37.63, yani mtu anakulipa umchukulie mafuta yake. Nani atanunua chenga hapo.

Kitu cha pili ni China. Miaka mingi ilikuwa inameza karatasi na plastiki chakavu za nusu ya dunia. Julai 2017 ikalitaarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba inazuia aina 24 za taka, zuio likaanza kufanya kazi Januari 2018, na kwa ile mizigo iliyobaki kuruhusiwa wakaweka masharti kwamba uchafu usizidi asilimia 0.5. Nusu asilimia! Kwenye kilo mia ni gramu mia tano tu za vifuniko, lebo na mchanga. Januari 2021 wakafunga taka ngumu zote, na mwezi huo huo yakaanza kutumika mabadiliko ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti taka zinazovuka mipaka, kwamba plastiki chafu iliyochanganyikana haivuki mpaka hadi nchi inayopokea ikubali kwa maandishi. Plastiki safi iliyochambuliwa aina moja moja njia yake ni rahisi zaidi. Ndo maana mnunuzi anayesafirisha nje akikukatia kilo kwa ajili ya mchanga usidhani kila mara anakuonea, na yeye ana mtu anamkatia mbele.

Na wenzetu wa Marekani waliumia sana kwenye hili, somo lao ni zuri kwa sababu wao ni manispaa zenye hela, zina magari, zina mitambo. Miji mingi kule ilikuwa na mikataba ya raha, mtambo unachambua taka na mji unapewa mgao wa mauzo, wengine walishazoea kuuhesabu kama mapato kwenye bajeti. Mji wa Stamford jimbo la Connecticut mwaka 2017 uliingiza dola 95,000 kwenye mali za kurejeleza, 2018 ukalipa dola 700,000 ili hizo hizo zichukuliwe. Franklin, mji mdogo wa New Hampshire, ulikuwa unauza kwa dola 6 kwa tani, baadae ukaambiwa ulipe dola 125 kwa tani ukitaka zirejelezwe au dola 68 zichomwe. Philadelphia ikawa inapeleka kama nusu ya ilichokusanya kwenye tanuri. Deltona ya Florida ikasimamisha kabisa kupita majumbani.

Alafu angalia kilichofuata, 2021 bei za maboksi na chupa kule zikapanda juu sana, mwishoni mwa 2022 zikaporomoka tena. Kwa hiyo haikuwa kwamba soko limekufa. Soko linapanda na kushuka siku zote, kilichokuwa kibovu ni mikataba iliyoandikwa kama vile litakuwa juu milele. Miji mingi ikabadilisha: sasa mji unalipa gharama ya kuchambua kwa kila tani, bei iwe juu au chini, alafu mauzo yanagawanwa baada ya hapo. Hiyo ndo akili unayotakiwa kuinakili, hata kama "mtambo" wako ni bati mbili na turubai.

Mali zingine kwa haraka: alumini (makopo ya soda na bia) bei yake inafuata soko la dunia la madini na huwa ndo mfalme wa stoo, kidogo lakini ina hela. Vyuma vinafuata viwanda vya nondo vya hapa hapa. Maboksi yanafuata viwanda vya karatasi, na yakilowa mvua umepoteza. Chupa za glasi ni nzito na bei ndogo, kama hauko karibu na kiwanda cha chupa cha Kioo Limited pale Dar usafiri unakula faida yote. Ila ona kreti ya soda au bia, ile chupa huwezi kuikuta mtaroni kwa sababu ina dhamana, mtu anairudisha dukani mwenyewe bila mradi wala semina. Vifuko vidogo vya viungo, vya shampuu, hivyo vya tabaka tabaka, soko hamna, vihesabu kama taka.

Sasa piga hesabu, na uipime kwa bei sifuri

Namba hizi ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania, weka za kwako.

Tuseme una kaya 500, ada 5,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni milioni mbili na nusu. Kwenye maisha wanaolipa ni asilimia 60, kwa hiyo 1,500,000. Chupa unauza kilo 1,200 kwa mwezi, bei 500, hiyo ni 600,000. Jumla mapato 2,100,000.

Matumizi, Fuso ya kukodi tripu sita kwenda dampo, 150,000 kila tripu, 900,000. Vijana sita wanaofanya siku chache kwa wiki, 150,000 kila mmoja, 900,000. Stoo, viroba, glovu, vocha, 200,000. Jumla 2,000,000. Umebaki na laki moja, unajisifu.

Bei ikienda 200, chupa zile zile zinakupa 240,000. Mapato 1,740,000, umeingia hasara ya 260,000 na hujafanya kosa lolote, umefanya kazi ile ile kwa jasho lile lile. Ikienda sifuri (na mnunuzi akifunga geti wiki tatu kwako ni sifuri) pengo ni laki tano.

Hiyo ndo naita kipimo cha sifuri. Kila bajeti ya mradi wa taka lazima uifanye mara moja ukiwa umefuta kabisa mauzo ya mali. Kama bila mauzo huduma haisimami, huna mradi, una biashara ya chupa iliyovaa fulana ya mazingira. Biashara ya chupa sio dhambi, ila usimuahidi mwenyekiti kwamba mtaa utakuwa safi.

Unaisimamishaje sasa? Watu wengi hukimbilia kutafuta bei nzuri ya chupa. Hiyo iweke mwisho. Anza na tripu za gari.

Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni mabaki ya chakula, maganda ya ndizi, majani, vumbi la uani. Ndo nzito, ndo zinanuka, ndo unazilipia Fuso zivuke mji kwenda Pugu Kinyamwezi. Ukizitenga pale pale nyumbani ukapata sehemu ya kuzipeleka karibu, tripu sita zinaweza kuwa nne. Hapo umeokoa 300,000 na hakuna dalali wala China wala mafuta yanayoweza kukunyang'anya hiyo hela, kwa sababu haikutoka sokoni, ni hela ambayo hukuitumia. Tena mtu wa Bunju au Boko anaokoa zaidi ya mtu wa Gongo la Mboto maana safari yake ni ndefu.

Zipeleke wapi? Wafugaji wa nguruwe na kuku wanachukua mabaki ya chakula bure, wengine wanakuja na ndoo zao. Wenye bustani za mchicha wanataka mboji. Kuna wanaofuga funza wa chakula cha kuku na samaki. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande walichojenga kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Pale Bonyokwa shirika la Nipe Fagio waliingia nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu kutenganisha na wakajenga sehemu ya kuchakata hapo hapo kwenye kata, na ushirika wa wakusanyaji. Nenda kaangalie kabla hujaandika chochote. Ila usijidanganye kwamba mboji itakutajirisha, ukiajiri kijana wa ziada wa kuigeuza na hauna mnunuzi umerudisha ile 300,000 kwenye matumizi. Lengo la mboji hapa ni kutolipia gari, basi.

Njia ya pili ni walipaji. Kutoka asilimia 60 kwenda 70 ni kaya 50 tu, ni 250,000. Kaya 50 unazipata kwa kupita siku ile ile kila wiki bila kukosa (watu hawalipi gari lisilokuja, na wana haki), kwa kutoa risiti, na kwa kumtumia mjumbe ambaye anajua nani mpangaji mpya na nani mkorofi.

Rudi kwenye bei sifuri: ada 1,750,000, matumizi yameshuka kuwa 1,700,000. Umesimama, na baki 50,000, bila chupa hata moja. Sasa zile 600,000 za chupa zikija ni nyongeza, na unaweza kuzigawa kwa akili. Mimi ningegawa theluthi moja bonasi ya wachambuaji, theluthi akiba, theluthi vifaa. Akiba ijaze mpaka ifikie matumizi ya mwezi mmoja na nusu hivi, baada ya hapo ndo mfikirie mambo ya kujenga ofisi.

Waokota makopo sio maadui zako

Hili halipo kwenye maandiko ya miradi na ndo linalovuruga makadirio. Bei ya chupa ikipanda, waokota makopo wanapita alfajiri kabla ya gari lako, wanabeba zote nzuri, wewe unakuta nailoni na pampasi. Bei ikishuka wanaacha wanaenda kwenye vibarua vingine, chupa zote zinakuja kwako wakati hazina thamani. Yani kilo zako zinakuwa chache bei ikiwa juu na nyingi bei ikiwa chini. Kwenye eksel yako umepanga kilo 1,200 kila mwezi, haitakuwa hivyo.

Wengine wanajibu kwa kuwafukuza kwa kutumia mgambo. Haisaidii na ni roho mbaya pia, wale watu wameshika kazi hii kabla mradi wako haujapata jina. Fanya hivi, weka kituo cha kununua, wape bei iliyoandikwa ubaoni, lipa papo hapo. Hata kama unabakiza shilingi hamsini kwa kilo, unapata wingi wa kujaza gari, na wingi ndo unakupa nguvu ya kuongea na kiwanda badala ya dalali. Ila hela ya kununulia chupa iwe mfuko wake, isitoke kwenye ada, maana hapo unakuwa mfanyabiashara na mfanyabiashara anaweza kukaa na mzigo alionunua 500 alafu soko likawa 300. Nunua leo unachoweza kuuza wiki hii.

Kuongea na mnunuzi

Usikubali "tutakupa bei nzuri". Andikeni karatasi, hata ukurasa mmoja. Mambo ambayo ningetaka yawepo: bei inabadilika lini (mfano kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, sio katikati ya safari mzigo ukiwa njiani), bei ya chini kabisa ambayo hata soko likilala hatashuka zaidi ya hapo, mzani wa nani unatumika, anakata vipi uchafu na maji, na atachukua mzigo hata bei ikiwa mbaya. Hilo la mwisho lina thamani kuliko shilingi hamsini za ziada, kwa sababu stoo ikijaa kazi yote inasimama.

Atakwambia nikikupa bei ya chini ya uhakika basi na juu nisikupandishie sana. Kubali. Ukipata 300 ya uhakika na mwisho 500, kikundi kinalala usingizi. Wanaong'ang'ania bei ya juu kabisa kila wiki wanazunguka kwa madalali watano na dizeli inaishia hapo.

Uwe na wanunuzi wawili kwa kila mali, mkubwa mmoja na wa akiba mmoja ambaye unampelekea mzigo mdogo mara moja moja ili asikusahau. Na jifunze mzani. Pima mzigo wako kabla haujaondoka, andika, piga picha, alafu linganisha na karatasi ya mnunuzi. Tofauti ya kilo chache ni kawaida, ikiwa kila safari ni kubwa na kila safari inakuumiza wewe tu, hamia kwa yule wa akiba.

Usafi wa mali ndo sehemu pekee ya bei ambayo iko mikononi mwako. Chupa zisizo na rangi peke yake, za kijani na bluu peke yake, vifuniko peke yake (ni plastiki nyingine na vina soko lake), za mafuta ya kula zisiguse za maji. Mnunuzi akianza kupunguza watu anaonunua kutoka kwao, anaanza kuwakataa wenye mali chafu. Wakati soko liko chini usafi haukupandishii bei sana, unakufanya ubaki kwenye foleni.

Kushikilia mzigo mpaka bei irudi

Kila mtu anauliza hili. Jibu fupi, kidogo ndiyo, sana hapana. Chupa ni hewa tupu, zinajaza stoo wakati hazina uzito, kama huna mashine ya kubana usijaribu. Jua linazichakaza. Chupa zilizo wazi zikishika maji ya mvua unafuga mbu wa dengue katikati ya mtaa na afisa afya atakuja na ana haki. Na moto, sigara moja inatosha. Mimi mwisho wangu ungekuwa mwezi mmoja, tena kwa yaliyobanwa marobota chini ya bati. Alumini ndo unaweza kuiweka, haiozi na inakaa pembeni, ila ifungie, inaibiwa.

Mwezi bei ikianguka kweli, usisimamishe kupita majumbani. Hilo ndo kosa la wale wa Deltona na ni gumu kulirekebisha, kwa sababu umewafundisha watu miezi mingi watenganishe, ukiacha wiki tatu wanarudi kwenye kiroba kimoja na kuwarudisha itakuchukua mwaka. Punguza mali unazopokea kama lazima, kata bonasi, tumia akiba, lakini gari lipite siku yake.

Hela ya wenye makampuni

Wenzetu wengine wameona kwamba ada ya kaya peke yake haiwezi, wakaamua aliyeingiza kifungashio sokoni alipie kukirudisha. Ujerumani walianza 1991, kampuni inalipia kwa uzito na aina ya kifungashio na hela hiyo ndo inaendesha ukusanyaji. Afrika Kusini ikawa lazima 2021. Maine ndo jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria kama hiyo kwa vifungashio, 2021 hiyo hiyo, na naona haikuwa bahati mbaya kwamba ilikuja baada ya manispaa kuumia na hasara ya soko. Kenya wana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zake za wazalishaji za 2024, kwa hiyo msomaji wa Nairobi au Nakuru uliza kaunti yako na ile miungano ya wazalishaji iliyosajiliwa kwamba kikundi kinalipwaje kwa kilo.

Uzuri wa hela hii kwa wewe uliye chini kabisa ni kwamba inatakiwa kujaza pengo pale soko likianguka. Ubaya, atalipwa mwenye kumbukumbu. Atakayesema "tunakusanya sana" hatapata kitu, atakayeonyesha kilo za kila wiki, za aina gani, kutoka mtaa gani, na risiti ya mnunuzi, huyo ataongea. Kwa hiyo hata kama hapo ulipo hakuna anayekulipa, anza kupima leo na utunze zile karatasi za mzani. Miaka miwili ya daftari safi ina thamani kuliko fulana za kijani.

Kwenda manispaa

Mkataba na manispaa uhakikishe unasema nani mwenye mali. Watu wanasahau hili kabisa. Kama umepewa kuzoa eneo, je chupa ni zako au mkandarasi mkubwa anaweza kuleta vijana wake wakachambua kabla yako? Iandikwe. Iandikwe pia kwamba ukipunguza tani zinazokwenda dampo unafaidika vipi, maana kama kwenye eneo lako manispaa ndo inalipia gari, ile 300,000 uliyookoa wewe kwa mboji inabaki kwao. Omba mgao wake, hata nusu. Ndo hoja nzuri kuliko zote utakayowahi kupeleka kwa mhandisi au mweka hazina kwa sababu haiombi hela mpya, inaomba sehemu ya hela ambayo tayari ingeteketea kwenye dizeli.

Na kama ada ya sheria ndogo ni ya zamani na haitoshi, usiipandishe kienyeji mtaani, utaitwa tapeli kwenye magrupu ya wasapu kabla ya jioni. Andaa ile karatasi ya kipimo cha sifuri, isomwe kwenye mkutano wa mtaa, wakazi waione na muhtasari uandikwe, alafu iende kata na baraza la madiwani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti inapikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua yako iwe imefika kabla ya Krismasi. Ukiipeleka Mei watakupokelea vizuri tu, watagonga muhuri, na utasubiri mwaka mzima.